Jeni za kirusi cha miguu na midomo: kazi huanzia zizini

Nyinyi mnaoleta sampuli za kalusu, yaani ugonjwa wa miguu na midomo, huniuliza kwa nini majibu ya jeni hayatoki. Mara nyingi kirusi kimekufa njiani, au hata kabla ya safari. Kwa hiyo nitakaa sana zizini.

Tafuta ng'ombe aliyeanza kudondosha mate jana au leo, lengelenge la ulimi likiwa bado bichi. Kidonda kilichoanza kupona kiache. Kabla hujamgusa, muulize mchungaji amempaka nini. Kirusi hiki hakihimili pH (kipimo cha uchachu) chini ya 6 wala juu ya 9, kwa hiyo ndimu inakiua, na magadi pia. Akisema amempaka, chagua mwingine. Bandua gramu moja ya ngozi ya lengelenge, uitie kwenye gliserini iliyochanganywa nusu kwa nusu na bafa ya fosfeti (maji ya kushikilia pH isibadilike), pH 7.2 hadi 7.6. Usitumie spiriti wala fomalini, tafadhali! Funga barabara, weka kwenye barafu. Lebo iandike kwa penseli: kijiji, wilaya, tarehe, na lini alichanjwa.

Nyati ana mambo yake. Haonyeshi ugonjwa, ilhali anaweza kubeba kirusi kooni miaka mitano na zaidi. Asiguswe bila madaktari wa Mamlaka ya Wanyamapori kumlaza kwa dawa. Akishalala, kikombe kidogo chenye mpini mrefu hushushwa kooni kukwangua ute, nao unachanganywa papo hapo na bafa kwa kiasi sawa.

Maabara tunatoa RNA, yaani maandishi ya urithi ya kirusi, tunaizidisha kwa PCR (njia ya kuinakili mara nyingi), kisha tunasoma jeni ya VP1, protini ya ganda la kirusi, herufi 640 hivi. Hapo mashine ndiyo inayohangaika.

Kusoma majibu ndiko kunakotaka akili. Kwanza aina: Uganda tumewahi kupata O, A, SAT 1, SAT 2 na SAT 3 (SAT ni kifupi cha Kiingereza cha maeneo ya kusini mwa Afrika), na chanjo ya moja haikingi nyingine. Jibu hilo mpelekee daktari wa wilaya mara moja, asisubiri mchoro wa ukoo. Halafu linganisha herufi na virusi vya zamani. Kwa O na A, tofauti ikizidi asilimia 15 ni tawi jingine. Kwa SAT, asilimia 20.

Mwaka 2013 ndama wa Ankole aliyeonekana mzima, aliyelishwa karibu na nyati, alikutwa na SAT 3. VP1 ya kirusi hicho ilitofautiana kwa takriban asilimia 20 na virusi ndugu zake wa karibu, vilivyotoka kwa nyati wa Uganda mwaka 1997. Angeachwa kwa kuwa haumwi, tusingejua.

Ila msikimbilie kumlaumu nyati. Ukipata O, uliza kwanza ng'ombe walinunuliwa mnada gani, na lori lilipita wapi.