Somo: Kununua ndege ya tabopropu iliyotumika kwa safari za biashara

Tabopropu ni ndege ya propela inayozungushwa na injini ya tabo. Wengi huanza na bei. Anza na kiwanja utakachotua. Kama kazi zako ni Arua, Gulu na Kasese, nawe unalala Kampala na kuondokea Kajjansi kwenye changarawe, Cessna Caravan inatosha. Haina haraka, kama kilomita 340 kwa saa, na kabini yake haishindiliwi hewa ya kupumulia juu sana, lakini ni ngumu na mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua. Ukitaka Dar es Salaam au Kigali juu ya mawingu, tazama Pilatus PC-12: hukaribia kilomita 500 kwa saa, na changarawe pia haiiogopi. Zote mbili zina injini moja tu, ya tabo aina ya PT6, na hunywa Jet A-1, mafuta yale yale ya ndege za jeti. Ndege ya pistoni, yenye injini kama ya gari, itakuhangaisha kutafuta avgas, yaani petroli ya ndege.

Hatua ya pili ndiyo penye pesa: vitabu vya kumbukumbu. Rangi mpya na viti vya ngozi visikushughulishe. Soma saa za injini tangu ifanyiwe matengenezo makubwa. Kiwango cha mtengenezaji kabla ya kuyarudia ni saa 3,600 kwa PT6 ya Caravan nyingi, na 3,500 kwa PC-12 za mwanzo. Kazi hiyo hugharimu mamia ya maelfu ya dola. Kitabu kimoja kikikosekana, shusha bei sana au ondoka zako.

Kisha mlete fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Aingize kamera nyembamba kwenye sehemu ya moto ya injini: kuwasha vibaya mara moja tu kunaweza kuunguza blade za tabo. Akague pia kutu, hasa kama ndege imeishi pwani, na kingo za propela zilizoliwa na kokoto.

Fedha zikae kwa wakala asiye wako wala wa muuzaji mpaka hati zikamilike. Ndege ambayo alama yake ya usajili inaanza na herufi N imesajiliwa Marekani. Rekodi zake za umiliki na madeni ziko Oklahoma City, zichunguzwe huko. Lazima ifutwe kule kabla Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda haijaipa alama ya 5X, kwa kuwa ndege hairuhusiwi kusajiliwa nchi mbili. Dai pia cheti cha ubora wa kuruka cha kusafirishia nje.

MASWALI

Mkubwa, naweza kubeba abiria wa kulipa ili nirudishe mafuta?
Hapana ndugu yangu. Ukipokea nauli umekuwa shirika la ndege, na hapo unahitaji cheti cha uendeshaji kutoka mamlaka. Bima nayo inaweza kukukana.

Na injini yenyewe ni moja, ikizima juu ya Ziwa Victoria?
PC-12 ikiwa mita 3,000 juu ya maji huteleza zaidi ya kilomita 40. Ziwa ni pana kuliko hapo, dada. Ruka juu zaidi, fuata kingo inapowezekana, na maboya ya kuvaa yawe ndani daima.

Nimepata PC-12 ya bei nafuu, injini ina saa 3,400. Ninunue?
Umebakiwa na saa 100 hivi. Uliza karakana bei ya matengenezo makubwa, ijumlishe na bei ya ndege, halafu ulinganishe na ile uliyoiona ghali.