Mbwa wa shamba akishapandwa, andika tarehe

Wakulima na wasasi wengi wa Kusini Unguja hujua kwamba mbwa wao alikuwa na mimba siku anapopotea, kisha vitoto vikasikika vikilia chini ya rundo la makuti. Hapo ushauri umeshachelewa. Basi nianze na lililo rahisi: siku mbwa wako anapopandwa, iandike kwa kaa ukutani mwa banda. Mimba huchukua siku 63 kwa wastani, ila anaweza kuzaa popote kati ya siku ya 58 na ya 68. Aliyepandwa tarehe 10 Januari mtazamie kiasi cha tarehe 14 Machi, masika yakipiga hodi.

Wiki tatu za mwanzo hutaona kitu. Baadaye wengine husita kula siku mbili tatu, watu wakadhani ni homa. Mimba ikifika mwezi, chuchu huvimba na kuiva rangi. Tumbo hujitokeza baada ya siku 40 hivi, na mwenye watoto wawili tu huenda usimgundue kabisa. Usimbonyeze ukitafuta watoto. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Chuchu nazo hudanganya: hata asiyepandwa anaweza kuvimba na kutoa maziwa wiki sita hadi tisa baada ya joto, yaani siku zake za kutaka dume, na kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe. Cha kuogopa ni mbwa anayekunywa maji kupita kiasi, hataki kula, na anatokwa na usaha ukeni wiki chache baada ya joto. Kizazi kimeingia usaha. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Kwenye chakula, kosa letu ni la huruma: tukijua tu ana mimba, tunamjaza. Wiki tano za kwanza mpe kile kile cha kila siku. Kisha ongeza kidogo kidogo, hadi wiki ya mwisho apate karibu mara moja na nusu ya kawaida yake, kwa milo midogo mitatu au minne, maana tumbo limeshabanwa. Ukoko na ugali mtupu havimtoshi. Mchanganyie utumbo, mayai, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba, au dagaa. Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke kwanza na maji uyamwage. Mabaki ya mchuzi wa vitunguu usimpe, vinaharibu damu ya mbwa. Wala usimnunulie vidonge vya madini ya chokaa ukidhani unawajengea watoto mifupa. Vikizidi wakati wa mimba, anaweza kuja kutetemeka na kukakamaa akiwa ananyonyesha.

Baada ya wiki ya tano asiende kusaka. Nguruwe mwitu hachagui tumbo la kupiga. Kuzunguka shambani kunamfaa. Dawa ya minyoo uliza inayofaa mwenye mimba, kwani minyoo humpita mama ikawaingia watoto wangali tumboni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe usimpake. Chanjo ya kichaa cha mbwa aipate kabla ya kupandwa.

Wiki mbili kabla ya kuzaa mwandalie kona kavu, iliyoinuka, makuti yasiyovuja, magunia safi na ukingo wa kuzuia vitoto visitambae nje kwenye baridi. Kwa anayechelea najisi: mbwa wa kusaka, wa mifugo na wa shamba ana ruhusa yake, na aliyemfuga ndiye wa kumhudumia. Vaa glavu, tenga vyombo vyake. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, hakuhitaji mimi kukufundisha.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 37.8, kwa kawaida atazaa ndani ya siku moja. Atahema, atachimbachimba, atakataa chakula. Mwache, fukuza watazamaji. Lakini akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, zikipita saa mbili kati ya mtoto na mtoto na bado wamo, au akitokwa na maji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, usivute kwa mkono. Piga simu. Namba ya daktari iandike pale pale ukutani, chini ya tarehe, kwa sababu saa nane za usiku si wakati wa kuanza kuiulizia.