Jinsi ya kumsoma shujaa wa Corneille

Wanafunzi wangu wa fasihi ya Kifaransa wakifungua Le Cid ya Corneille, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa wa karne ya 17, huwa na haraka ya kufika vitani. Watangoja sana. Katika tamthilia hii iliyochezwa Paris mwaka 1637, shujaa, Rodrigue, anawashinda Wamori nje ya jukwaa, kisha anakuja kumsimulia mfalme. Hata anapomuua baba wa mchumba wake, Chimène, hatuoni. Tunachokiona ni kofi: mzee Don Diègue, baba wa Rodrigue, anazabwa na baba wa Chimène, mkono wake hauna tena nguvu ya upanga, anamkabidhi mwanawe kisasi. Basi anzia hapo. Shika penseli, uandike nani kavunjiwa heshima na nani anadaiwa kisasi. Kumbuka pia watazamaji wale walijua kupigana kwa ajili ya heshima kunaua mara mbili: mwaka 1627 bwana mkubwa, Montmorency-Bouteville, alikatwa kichwa kwa kukaidi marufuku ya kupigana hivyo.

Kisha tafuta mahali shujaa anapoamua. Kwa Rodrigue ni beti sita mwishoni mwa tendo la kwanza. Zisome kwa sauti, hata kama Kifaransa chako kinachechemea. Mizani 12 zinazotawala tamthilia zinavurugika, mishororo inarefuka na kufupika, na kila ubeti unaishia kwa jina la Chimène. Usikimbilie ubeti wa mwisho. Fuatilia hesabu anayoipiga: akilipiza, anamkosa, asipolipiza, anamkosa vilevile, kwa kuwa hatastahili kupendwa. Anafikiria kufa, halafu anaona kufa hivyo ni kupoteza na heshima pia. Miongozo ya mitihani hupenda kusema wajibu umeyashinda mapenzi. Mimi sikubali. Mapenzi yenyewe ndiyo yanayodai kofi lilipwe, na ndiyo maana Chimène naye anaomba kichwa cha Rodrigue huku akimpenda.

Swali la tatu: nani analipa gharama? Hili liulize ukiwa na Horace, ya mwaka 1640. Horace, Mroma, anawaua ndugu watatu wa Alba, mji hasimu wa Roma, mmoja wao mchumba wa dada yake, Camille. Camille anailaani Roma. Kaka anamfuata na upanga, anamuua. Mfalme anamsamehe, kwa sababu dola inamhitaji. Ukimaliza tendo la tano bado unampigia makofi, rudia la nne.

Wahakiki waache mwishoni, la sivyo watakusomea wao. Ukiwa tayari, mchukue Serge Doubrovsky, profesa aliyechapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya shujaa wa Corneille. Anaazima kwa Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, fikra ya bwana na mtumwa: shujaa anataka kuitawala nafsi yake mpaka asibaki na kitu cha kumtikisa, na jitihada hiyo inagonga mwamba. Kitabu kinene, lakini ukishajiwekea alama zako mwenyewe utaweza kubishana nacho.

Halafu mpime shujaa huyu kwa Racine, mwandishi mwingine wa tamthilia wa karne hiyo. Katika Phèdre, ya 1677, Thésée aliyejijengea jina kwa kuua madude anamwomba Neptune, mungu wa bahari, amwadhibu mwanawe, Hippolyte, na dude linatoka baharini. Hippolyte analijeruhi kwa mkuki, kishujaa kabisa, lakini farasi wake wanashtuka na kumburuta hadi anakata roho. Hayo nayo tunasimuliwa tu, na Théramène, mlezi wa Hippolyte. Soma simulizi hiyo na ile ya Rodrigue siku moja, uone kila moja inamwachia nini shujaa wake.