SOMO: Ujumbe wa kazini upitishe wapi, simu, grupu, barua au uso kwa uso

Wakuu, naandika hapa mara moja nipumzike, maana kila wiki kuna mtu ananifata inbox "hii nipige au niandike?" Mimi nipo kwenye mizigo hapa Kigoma, asubuhi Kibirizi mwaloni, mchana ofisini na madereva.

1. Kitu kikichelewa saa moja kitaharibika? Piga simu.

2. Kuna hela, idadi au tarehe? Andika. Hata kama mmeongea kwa simu, tuma SMS fupi: "Tumekubaliana gunia 40, Ijumaa saa 12 asubuhi."

3. Ratiba, kikao, msiba: grupu.

4. HAPA SOMENI VIZURI. Siku moja wingu limefunga ziwani, nikaandika kwenye grupu la kazi "dagaa wafunikwe turubai sasa hivi". Watu sita wakajibu sawa, dole gumba zikamiminika, nikatulia kabisa. Kumbe yule kijana aliyekuwa zamu na ule mzigo bando lilikuwa limemwishia tangu jana, na hao sita waliojibu hakuna hata mmoja aliyekuwa mwaloni. Mvua ikapiga, dagaa wa mteja wakalowa, na mama wa watu alikuwa amekopa kununua ule mzigo, mpaka leo nikimuona sokoni roho inaniuma. Kwa hiyo agizo la mtu mmoja USILITUPE kwenye grupu, mpigie mwenyewe halafu mwambie arudie ulichosema. Na tiki za bluu kwenye grupu haziji mpaka wote wasome, ukitaka kujua nani kasoma bonyeza ujumbe wako uangalie taarifa zake, majina yapo.

5. Kumkosoa mtu: mwite pembeni, uso kwa uso. Grupu hapana.

6. Mambo ya ajira ni barua, nakala ibaki kwenye faili.

MASWALI

Mtoto wa Ujiji: Mkuu kwa hiyo dharura niandike grupu?
Jibu: Rudi namba 1 na 4.

Mtoto wa Ujiji: Ila grupu si ndo haraka, wote wanaona
Jibu: Nimeeleza mzigo wa watu ulivyolowa, kaka. Soma kwanza ndo uulize.

Dada Mwanga: Samahani kaka, bosi kamwambia mwenzetu kwa WhatsApp "mwezi ujao usije". Analipwa kwa mwezi. Hiyo inatosha?
Jibu: Swali zuri sana dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa, na kwa anayelipwa kwa mwezi aliyeshapita mwezi wa kwanza kazini siku zisipungue 28. Huo mstari mmoja hauna sababu. Asiufute, apige skrinshoti, halafu aandike barua kwa adabu kuomba maelezo, apeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa arudi nayo. Akikwama aende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi), ila asikae sana, mgogoro wa kuachishwa una siku 30 tu.

Mama Mawese: Mimi wafanyakazi wangu wengi wana viswaswadu, natumia SMS tu, ila salio linaisha haraka
Jibu: Mama shikamoo. SMS moja ni herufi 160, ukizidisha inahesabiwa mbili. Na ukiweka emoji hata moja nafasi inashuka mpaka 70, kwa hiyo yale maua ya mwisho toa.

Mama Mawese: Marahaba mwanangu, kumbe ni maua!