Magaga na ukoko miguuni mwa farasi wakati wa mvua: tiba hatua kwa hatua

Mvua za Machi mpaka Mei zikishika huku Karen, Langata na Ngong, pande za Nairobi, ule udongo mweusi unaonata hauachii mguu wa farasi, na hapo ndio sisi masaisi, watunza farasi, tunaanza kushika vigaga nyuma ya mguu, kwenye kile kibonde kilicho juu tu ya kwato. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kupaka mafuta. Jamani, kausha kwanza, manake mafuta juu ya ngozi iliyolowa yanafungia maji na bakteria humo humo ndani.

Bakteria mwenyewe mara nyingi ni Dermatophilus congolensis (ndio, Kongo hiyo hiyo, alielezwa mara ya kwanza 1915 kwa ng'ombe wa huko). Ukoko ukikauka anajikalia tu kimya, ukilowa anatoa vijimbegu vinavyoogelea kwenye unyevu vikitafuta pa kuingilia, na ngozi iliyolainika kwa matope au kuchubuliwa na mchanga ndio mlango wake. Bakteria wengine wa usaha nao wakiona mlango uko wazi wanajazana.

1. Angalia vizuri kabla hujashika dawa. Ukoko ukitoka na kashada la nywele zilizogandana kama brashi ya rangi, na chini yake pana wekundu na ute, hiyo inaelekea ni bakteria. Lakini farasi akipiga piga miguu chini usiku na kujikuna, hasa wale wenye manyoya marefu miguuni, fikiria utitiri, vile vidudu vidogo vya ngozi. Na kama ni miguu myeupe peke yake imeungua, pengine na pua nyeupe pia, hapo shuku jua, ambalo wakati mwingine linaunguza hivyo kwa sababu ya majani aliyokula au ini lenye shida, na hiyo ni ya daktari kupima damu, utaosha mpaka uchoke bila kupona.

2. Vaa glavu. Huyu bakteria anashika hata binadamu.

3. Nyoa nywele za sehemu iliyougua, polepole usimkate, bila hivyo dawa haifiki na mguu haukauki. Simama ubavuni, usikae nyuma yake, manake inauma na saisi aliyezoea farasi wake ndiye anayepigwa teke. Akikataa kabisa mwite daktari amchome sindano ya kumtuliza.

4. Osha. Sabuni ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 2 mpaka 4, maji ya uvuguvugu, toa povu, alafu liache likae dakika 10. Hizo dakika ndio watu wanaiba, wanapaka na kusuuza hapo hapo, alafu wanasema dawa ni feki. Ukoko uliolainika utoke wenyewe kwa vidole, ule unaong'ang'ania uache mpaka kesho, usiubandue ukiwa mkavu utafungua kidonda kipya. Unavyotoa weka kwenye karatasi ukachome, usidondoshe kwenye matandiko, bakteria anaishi humo miezi mingi. Mwisho suuza sabuni yote iishe, ikibaki nayo inawasha.

5. Kausha. Taulo safi, kila mguu na yake, bonyeza usisugue, ukiwa na mashine ya kukausha nywele na farasi haogopi kelele itumie. Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

6. Dawa ya juu: krimu ya silva salfadiazini, ya kuua bakteria, kidogo tu, kwenye ngozi iliyokauka. Zinki ya kupaka ni ya kukinga mguu uliopona au ulio safi, sio ya kufunika uchafu, na mafuta ya kukamulia ng'ombe vile vile.

Rudia kuosha kila siku kwa siku chache za mwanzo, magaga yakianza kulegea punguza mpaka mara mbili au tatu kwa wiki, kuosha saa zote nako kunalowesha ngozi. Muda wote huo akae banda kavu, na akirudi na matope usimpige hosi kila jioni, acha yakauke uyatoe kwa brashi laini.

Sasa hili nalisema kwa ukali kidogo: mtu akikwambia ni utitiri, usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi ukampaka farasi. Ng'ombe anaivumilia, farasi inamsimamisha matumbo, anafunga choo na anaweza kufa. Ivamektini (dawa ya minyoo) ya kulisha nayo haiaminiki kwa huyu utitiri wa miguu kwa vile anakula magamba juu ya ngozi. Muulize daktari dawa na dozi.

Mguu wote ukivimba mpaka juu, ukawa wa moto, farasi akachechemea au joto lake likapita nyuzi 38.5 za Selsiasi, acha kuosha na umwite daktari siku hiyo hiyo, anahitaji antibayotiki na dawa ya maumivu. Muulize pia chanjo ya pepopunda iko lini, kwa farasi kidonda cha mguuni kinatosha kuileta. Na kama wiki mbili zimepita hakuna nafuu, daktari akwangue ngozi na kupima ukoko kwenye hadubini.