Kihispania cha chuo: sema kwanza, ndipo uandike

Ukipewa insha ya Kihispania, usikimbilie kuandika. Jirekodi kwa simu ukitetea hoja yako kwa dakika mbili bila kusoma popote, kisha sikiliza na uandike kila neno kama lilivyotoka, hata sentensi zilizokatikia njiani. Makosa yaache kwanza, tafuta ulichokikwepa. Mwanafunzi aliyekwisha kupiga hatua hujua kujificha: ni "creo que" (nadhani kwamba), "pero" (lakini) na "porque" (kwa sababu) mwanzo hadi mwisho. Hapo mwalimu hana cha kutia wino mwekundu, nawe unabaki palepale muhula mzima. Basi chagua sentensi tatu uzigeuze. "Creo que no es justo" (nadhani si haki) iwe "no creo que sea justo" (sidhani kwamba ni haki). "Pero" moja iwe "sin embargo" (hata hivyo). "Acepto si pagan" (nakubali wakilipa) iwe "acepto siempre y cuando paguen" (nakubali mradi tu walipe), maana "siempre y cuando" hudai subjuntivo, yaani umbo la kitenzi la mashaka, matakwa na masharti, kama "sea" na "paguen"; huna pa kukimbilia. Rekodi tena bila karatasi, ndipo uandike insha.

Usiiachie programu kazi ya kunakili sauti: mara nyingi hunyoosha ulichopinda na kuruka kigugumizi, yaani inafuta kile hasa unachokitafuta. Na kama minyambuliko ya subjuntivo bado inakupiga chenga, rudi kwenye mazoezi ya sarufi kwanza. Njia hii huamsha unachokijua, haikufundishi usichokijua. Matamshi nayo yanataka sikio la mtu mwingine.