Jirani Akijenga Juu ya Mpaka: Jinsi ya Kupeleka Shauri Lako

Ukiona mtaro wa msingi wa jirani umeingia kwako, usingoje ukuta usimame. Msingi usiomwagwa zege unazungumzika. Ukuta ukishafika kwenye linta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, umekuwa kesi. Haya ni ya Tanzania Bara, hasa kwa kiwanja kilichopimwa.

Kwanza tafuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa na mpimaji kwenye pembe za kiwanja. Yangu ilifukiwa na lori la kokoto, nikashinda nabishana na fundi kwa futi kamba mpaka magharibi. Kazi bure: futi ya fundi si ushahidi. Piga picha, kisha iandikie ofisi ya ardhi ya halmashauri ukiomba kufufuliwa mipaka. Taja namba ya kiwanja, kitalu na eneo; ambatisha nakala ya hati au barua ya toleo, ile ya kukugawia kiwanja. Mpimaji binafsi aliyesajiliwa naye anafaa. Siku ya kupima, jirani aitwe kwa barua na mwenyekiti wa mtaa awepo, la sivyo kesho atasema mlipimiana wenyewe. Dai ripoti ya maandishi.

Wakati huohuo iandikie halmashauri barua nyingine: je, jirani ana kibali cha ujenzi, na anafuata ramani iliyopitishwa? Asiye na kibali anaweza kusimamishwa. Ile X nyekundu ukutani unaijua. Wengi wanairuka hatua hii wakakimbilia kwenye kesi, na mimi naona wanajichelewesha.

Jirani asipoelewa, nenda Baraza la Kata. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 baraza hili halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, na wakili haruhusiwi kukusemea pale. Likishindwa kuwapatanisha litakupa hati ya kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kusonga mbele hata bila hati. Kwa hiyo nakala yako ya malalamiko igongwe mhuri wenye tarehe siku unayoipeleka.

Linalofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama mali yenyewe haizidi shilingi milioni 300. Peleka maombi, ripoti ya mpimaji, picha na hati ya kata. Pamoja navyo, siku hiyohiyo, omba kwa kiapo zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha ujenzi mpaka shauri liishe. Bila zuio, jirani atapaua huku shauri bado linatajwa.

Nyundo usiiguse hata kama ripoti iko upande wako. Ukibomoa mwenyewe, utaitwa polisi wewe.

Kiwanja kisichopimwa hakina bikoni, hivyo shika mkataba wa mauziano, walioshuhudia ukinunua na majirani wa pande zote. Hata mstari wa michongoma ya zamani unasaidia, mradi uupige picha kabla haujafyekwa.